Kadi ya bima kwa mzee: Mambo ya kupima kabla ya kulipia mwaka mwingine

WAZAZI wa wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam hawaishi Dar es Salaam. Wako vijijini, nao watoto wao hupokea simu za usiku: presha imepanda, macho hayaoni, mguu umevimba. Kwa familia zenye asili ya Bagamoyo, simu hiyo huenda ikatoka Fukayosi, kata iliyo ng'ambo ya Mto Ruvu katika barabara inayotoka Bagamoyo mjini kwenda Msata.

Simu kama hiyo inapopigwa, swali la kwanza huwa ni nauli, na la pili huwa ni kadi. Mzee ana bima gani? Imekwisha muda wake au bado? Na je, itapokelewa katika hospitali anakopelekwa? Majibu ya maswali hayo hayatafutwi usiku wa kuugua. Hutafutwa mara moja kwa mwaka, kadi inapokaribia kwisha muda, na hapo ndipo familia nyingi hukosea. Wapo wanaolipia kadi ile ile kwa mazoea, wapo wanaoacha kulipa kwa kuwa mzee hakuugua mwaka uliopita, na wapo wanaoamini kwamba mtu akishatimiza miaka 60 hahitaji bima tena.

Makala haya yanaeleza njia zilizopo kwa mzee wa Tanzania, hasa aishiye kijijini, pamoja na mambo ya kuyapima kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kizazi kilichokua na matibabu ya bure

Ili kuelewa kwa nini bima ni jambo geni kwa wazee wengi, ni vema kuitazama historia. Mzee aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa kijana wa miaka 17 Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, Serikali ilipiga marufuku utoaji wa huduma za afya kwa ajili ya biashara. Katika ujana wake wote, matibabu katika vituo vya Serikali yalikuwa ya bure.

Hali ilibadilika mwaka 1993, Serikali ilipoanza kuingiza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali zake. Mzee huyo alikuwa na miaka 43. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ukaanza kwa majaribio wilayani Igunga, mkoani Tabora, ambako kaya ilitakiwa kuchangia Sh5,000 kwa mwaka. Mwaka 1999 ikatungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mwaka huo huo wa 2001 CHF nayo ikapata sheria yake.

Kwa maneno mengine, mkulima wa Fukayosi aliyezaliwa mwaka 1950 alipita nusu ya kwanza ya maisha yake bila kuulizwa kadi wala risiti mlangoni mwa zahanati. Bima ilipofika kijijini, alikuwa mtu mzima mwenye desturi zake. Kumweleza alipie ugonjwa ambao bado haujaja si jambo jepesi, na mtoto wake asishangae akijibiwa kwamba kulipia maradhi ni kuyaita.

Njia ya kwanza: Msamaha wa wazee

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya mwaka 2007 nayo iliwaweka wazee wasio na uwezo miongoni mwa makundi yanayosamehewa gharama za matibabu katika vituo vya Serikali. Hapo ndipo lilipotoka neno maarufu kwamba wazee wanatibiwa bure.

Neno hilo ni la kweli, ila mara nyingi husemwa nusu. Nusu inayoachwa ni ile isemayo wasio na uwezo. Umri peke yake haukukusudiwa kuwa tiketi. Mzee hutakiwa kutambuliwa na uongozi wa kijiji chake na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, kisha apatiwe kitambulisho cha mzee cha kuonyesha anapofika kituoni. Asiye nacho hutegemea huruma ya anayemkuta dirishani, na huruma haina uhakika.

Jambo la pili ni kwamba msamaha humwondolea mzee malipo, lakini haujazi rafu za dawa. Mzee mwenye kitambulisho anaweza kumwona mganga bila kulipa, akapimwa bila kulipa, kisha akaandikiwa dawa ambayo kituo hakina. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari anayemeza dawa kila siku, hilo ndilo pengo kubwa zaidi. Duka la dawa la mtaani halipokei msamaha.

Kwa hiyo mzee asiye na uwezo aipate haki yake ya msamaha, na familia ihakikishe kitambulisho kimetolewa. Lakini familia yenye uwezo wa kuchangia isiuhesabu msamaha kuwa badala ya bima.

Njia ya pili: Mfuko wa Afya ya Jamii

Kwa miaka mingi CHF ilikuwa bima pekee iliyomfikia mkulima, mvuvi na mfugaji. Msingi wake ni kaya kuchangia kiasi kidogo mara moja kwa mwaka, na Serikali Kuu kuongeza kiasi kinacholingana na makusanyo hayo, utaratibu uliojulikana kama tele kwa tele. Tangu mwaka 2009 usimamizi wake uliwekwa chini ya NHIF.

CHF ya mwanzo ilikuwa na udhaifu ulioukimbiza umma. Kwa kawaida mwanachama alitibiwa katika kituo alichojiandikisha tu, na akipewa rufaa kadi ilibaki nyuma. Mwaka 2018 ukaanzishwa mfumo mpya nchini kote, ulioitwa CHF iliyoboreshwa. Kiwango kiliwekwa kuwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita, isipokuwa Dar es Salaam ambako kiliwekwa Sh150,000 kwa idadi hiyo hiyo. Huduma zikapanda kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kufuata ngazi za rufaa. Uandikishaji nao ukahamia kijijini, ambako afisa mwandikishaji humpiga mwanachama picha kwa simu na kumwingiza katika mfumo.

Hesabu yake ilieleweka kirahisi. Sh30,000 zikigawanywa kwa watu sita ni Sh5,000 kwa kila mmoja kwa mwaka mzima. Hata kaya ya wazee wawili tu, mume na mke, ilibeba Sh15,000 kila mmoja. Wazee wanaolea wajukuu, na vijijini hao ni wengi, walikuwa na sababu zaidi ya kuzijaza nafasi zote sita.

Hata hivyo kadi hiyo ilikuwa na ukuta wake, na kwa mtu wa Pwani ukuta huo una jina: Muhimbili. Ngazi ya matibabu ya mzee wa Fukayosi huanzia zahanati, hupanda kituo cha afya, hufika Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo na kuishia Tumbi, Kibaha, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Hapo ndipo CHF iliyoboreshwa ilipokoma. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambayo watu wa Bagamoyo huikimbilia kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu na watoto wako huko, haikuwamo.

Kosa la kawaida hutokea hapo. Mtoto anayeishi Tabata au Mbagala anamlipia mama yake CHF kijijini, kisha mama akiugua anamchukua kwenda kumuuguza mjini. Anafika hospitalini na kadi halali, iliyolipiwa na isiyokwisha muda, lakini isiyo na kazi mahali pale. Fedha ilitoka, bima ipo, na matibabu yanalipiwa taslimu.

Njia ya tatu: Jina la mzee katika kadi ya mtoto

Mtumishi wa umma, na mwajiriwa wa sekta binafsi ambaye mwajiri wake amejiunga na NHIF, huchangia asilimia 6 ya mshahara, nusu akikatwa yeye na nusu ikitolewa na mwajiri. Mwenye mshahara wa Sh600,000 huchangiwa Sh36,000 kwa mwezi, kati ya hizo Sh18,000 zikitoka kwenye mshahara wake. Kwa mchango huo anahudumiwa yeye, mwenza wake na wategemezi wanne.

Jambo ambalo waajiriwa wengi hawalitumii ni kwamba wategemezi hao si lazima wawe watoto peke yao. Wazazi wa mwanachama na wazazi wa mwenza wake wanaweza kuandikishwa katika nafasi hizo. Kwa mwalimu kijana mwenye mtoto mmoja, nafasi tatu zilizobaki zinaweza kuwa kinga kubwa kwa wazazi walioko kijijini, na mchango wake hauongezeki hata shilingi moja. Kadi hiyo pia huvuka mipaka ya mkoa.

Yapo ya kuzingatia. Kwanza, uhusiano lazima uthibitishwe kwa nyaraka, na majina ya mzazi katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto yanapaswa kulingana na yale ya kitambulisho cha taifa cha mzazi. Mzee anayeitwa jina moja katika cheti, jingine katika kitambulisho na la tatu kijijini atazungushwa. Pili, nafasi ni nne tu. Anayetarajia watoto zaidi apige hesabu mapema, kwa sababu kumtoa mtegemezi na kumwingiza mwingine kuna masharti yake. Tatu, ndugu wakae pamoja. Si ajabu katika familia moja kukuta watoto watatu waajiriwa, kila mmoja akidhani mwenzake amemwandikisha baba, kumbe hakuna aliyemwandikisha.

Kundi jingine ni la wastaafu. Aliyekuwa mwanachama wa NHIF kazini na kutimiza masharti ya muda wa kuchangia huendelea kuhudumiwa baada ya kustaafu, yeye na mwenza wake, bila kukatwa mchango. Wapo walimu, wauguzi na maofisa ugani wastaafu waliorudi vijijini ambao hawajawahi kufuatilia haki hiyo. Wafike ofisi ya NHIF ya mkoa wakiwa na nyaraka zao za utumishi.

Njia ya nne: Vifurushi vya kujilipia

Asiye na mtoto mwajiriwa na mwenye haja ya huduma pana kuliko ya CHF hubaki na bima ya kujilipia. Novemba 2019 NHIF ilizindua vifurushi vitatu kwa watu walio nje ya ajira rasmi, vilivyoitwa Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya. Bei ilipangwa kwa umri: miaka 18 hadi 35, miaka 36 hadi 59, na miaka 60 na kuendelea. Kiwango cha chini kabisa, cha kijana anayejilipia peke yake, kilikuwa Sh192,000 kwa mwaka, na kadiri umri ulivyopanda ndivyo bei ilivyopanda. Baadaye mfuko huo ulileta vifurushi vingine, vikiwamo Serengeti Afya na Ngorongoro Afya.

Mtu atauliza kwa nini mzee, ambaye kipato chake kimepungua, atozwe zaidi ya kijana mwenye nguvu. Jibu la watu wa bima ni kwamba bei hufuata uwezekano wa kuugua. Jibu hilo ni sahihi kihesabu, lakini halimsaidii mzee. Ndiyo maana nchi nyingi haziwaachi wazee katika soko la bima wajitetee peke yao. Nchini Marekani, wenye miaka 65 na zaidi wana bima yao inayosimamiwa na Serikali iitwayo Medicare, na kila mwaka kati ya Oktoba 15 na Desemba 7 hupewa nafasi ya kupitia upya mipango yao na kuibadili. Nchini Rwanda, bima ya jamii ya Mutuelle de Santé ilipanga michango kwa kufuata hali ya uchumi wa kaya, na Serikali ikawalipia maskini kabisa.

Kampuni binafsi za bima nazo zipo, lakini nyingi huweka ukomo wa umri wa kujiunga kwa mara ya kwanza. Mzee wa miaka 70 ambaye hajawahi kuwa na bima atakuta milango mingi imefungwa. Anayetaka njia hiyo aingie kabla ya uzee na asiache pengo kati ya mwaka na mwaka.

Kwa nini mifuko haipendi wanaosubiri ugonjwa

Bima ni mchango wa wengi wazima kwa ajili ya wachache wagonjwa. Iwapo kila mmoja atajiunga siku anapougua, fedha inayoingia haitatosha kulipia inayotoka, na mfuko utakufa.

Mfano wa karibu ni Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF iliyotozwa Sh50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 mfuko ulisitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule, ukieleza kwamba waliokuwa wakiletwa wengi walikuwa tayari ni wagonjwa. Wazazi walilalamika, na malalamiko yao yalieleweka, lakini hesabu ilikuwa imekataa.

Kwa sababu hiyo bima za hiari huwa na muda wa kusubiri kabla ya baadhi ya huduma kuanza, hasa upasuaji na matibabu ya gharama kubwa. Mzee mwenye mtoto wa jicho au tezi dume akiandikishwa leo asitegemee kupasuliwa kesho. Na akiiacha kadi ikafa kwa miezi miwili, anaweza kulazimika kuanza kusubiri upya. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Somo kutoka Bagamoyo yenyewe

Inasemwa mara nyingi kwamba maskini hawapendi bima. Ushahidi uliopatikana Bagamoyo unaonyesha vingine.

Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulianza kutoa ruzuku ya fedha kwa majaribio katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Walengwa walikuwa kaya maskini zenye watoto au wazee wa miaka 60 na zaidi. Kaya ilipewa kati ya dola 12 na 36 za Marekani kila baada ya miezi miwili, kutegemea watu waliomo. Sharti kwa wazee lilikuwa moja, kufika kituo cha afya angalau mara moja kwa mwaka. Vijiji 80 vilihusika katika tathmini, nusu vikipokea ruzuku na nusu vikisubiri, ili matokeo yalinganishwe.

Tathmini hiyo, iliyofanywa kwa ushirikiano na Benki ya Dunia na kukamilishwa kwa takwimu za mwaka 2012, ilikuta kwamba kaya zilizopata ruzuku zilikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kujiunga na bima ya afya na kulipia matibabu kwa bima kuliko zile zilizosubiri. Mahudhurio katika vituo vya afya yalipanda mwanzoni, kisha yakapungua kadiri hali za afya zilivyoimarika.

Maana yake ni nzito. Hakuna aliyezilazimisha kaya hizo kukata bima, kwa kuwa sharti lilikuwa kufika kituoni tu. Walipopata fedha kidogo ya uhakika na sababu ya kuizoea zahanati, wengi waliona wenyewe faida ya kadi. Kilichokuwa kikiwazuia hakikuwa ujinga wala ukaidi. Fedha ya kijijini huja kwa msimu, ilhali kadi hudai malipo tarehe yake.

Hapo kuna funzo kwa watoto walioko mjini. Fedha ya korosho au ya nanasi ikiwa imekwisha matumizi, Sh30,000 kwa mkupuo ni nyingi. Lakini ni Sh2,500 kwa mwezi. Familia inayotenga kiasi hicho kidogo kidogo katika simu haitasumbuka tarehe ya kadi ikifika, na mzee hatalazimika kuuza kuku.

Mambo sita ya kuuliza

Tanzania haikuwa na msimu mmoja wa kitaifa wa kuandikisha bima kama ule wa Marekani. Mwaka wa kila kadi huhesabiwa tangu ilipolipiwa. Hivyo kazi ya kukumbuka ni ya familia, na inafaa ianze walau miezi miwili kabla ya kadi kwisha muda. Maswali ya kujiuliza ni haya.

Kwanza, mzee anatibiwa wapi hasa? Kisiangaliwe kituo kilicho karibu na nyumba peke yake, bali pia hospitali anakopelekwa akizidiwa. Kama ni Bagamoyo na Tumbi, bima ya ngazi ya mkoa inaweza kutosha. Kama ni Muhimbili, haitoshi.

Pili, ana maradhi gani? Mwenye kisukari au shinikizo la damu apime bima kwa dawa. Daftari la kliniki lifunguliwe, majina ya dawa yaandikwe, na mtoa bima aulizwe kama zimo katika orodha yake. Anayehitaji upasuaji aulize muda wa kusubiri.

Tatu, rufaa inapatikana vipi? Kadi nyingi hazimruhusu mgonjwa kuruka ngazi. Mzee anayepelekwa moja kwa moja hospitali kubwa bila barua ya rufaa hujikuta akilipa ingawa ana bima.

Nne, hospitali zinazopokea kadi mwaka huu ni zile zile za mwaka jana? Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wenye kadi za NHIF kutokana na mvutano kuhusu bei mpya za huduma na dawa. Waliokuwa wakitegemea hospitali moja tu walihangaika. Ni vema kuwa na kituo cha pili akilini.

Tano, nyaraka zimekaa sawa? Kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho cha mzee vilingane kwa majina na mwaka wa kuzaliwa. Marekebisho ya herufi moja huweza kuchukua majuma, hivyo yasingoje siku ya mwisho.

Sita, nani atalipia yasiyolipiwa? Nauli, chakula cha anayemuuguza na malazi mjini huwa nje ya kadi. Kutoka Fukayosi hadi Kibaha au Dar es Salaam, gharama hizo zinaweza kuzidi mchango wa CHF wa mwaka mzima. Familia iziweke akiba pembeni.

Sheria mpya na matumaini yake

Yote hayo yanasimama juu ya ardhi inayosogea. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliwasilishwa bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 2022, ukaahirishwa zaidi ya mara moja, na hatimaye Bunge likaupitisha Novemba 2023. Sheria hiyo inakusudia kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, utakaopata fedha kutokana na vyanzo kama vile vinywaji vyenye kaboni, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha.

Kwa mzee maskini wa Fukayosi, tofauti ni hii: chini ya utaratibu wa msamaha, kituo humtibu bila kulipwa, na kila mgonjwa wa namna hiyo ni hasara katika vitabu vya kituo. Chini ya sheria mpya, mzee huyo anatakiwa awe na kadi kama mtu mwingine, na kituo kilipwe kwa kumhudumia. Kituo kinacholipwa kina uwezo wa kununua dawa, na kina sababu ya kumkaribisha mgonjwa. Mafanikio yatategemea mambo mawili: fedha kufika mfukoni kweli, na utambuzi wa wasio na uwezo kufanywa kwa haki kijijini.

Kwa kuwa sheria hiyo inabadili sura ya mifuko iliyotangulia, viwango vya zamani visichukuliwe kuwa vya leo. Familia iulize ofisi ya mtendaji wa kijiji au kata, kituo cha afya, na ofisi ya NHIF ya mkoa kuhusu mchango na huduma za mwaka husika, na ipewe jibu hilo kabla ya kulipa. Pia ihakikishe mzee asiye na uwezo anaorodheshwa kijijini kwake wakati wa utambuzi. Asiyekuwapo katika orodha hana wa kumsemea.

Bima ya mzee haipaswi kuwa siri ya mtoto mmoja aliyeko mjini. Mzee mwenyewe aelezwe kadi yake inafanya kazi wapi, inakwisha lini, na akizidiwa aanzie zahanati gani ili apate barua ya rufaa. Jirani au mjukuu anayeishi naye ajue kadi inakaa wapi. Kadi iliyofungiwa sandukuni na mwenyewe akiwa hajui matumizi yake haina tofauti na kadi iliyokwisha muda.